Fimbo ya Mapumziko

Klabu ya Kilele haijawahi kumfukuza kocha. Waulize watu wa Kijenge, watakuapia. Klabu nyingine humtimua mtu kwa barua au kwa mawe, lakini Kilele ni klabu ya watu wenye adabu zao. Kocha akishindwa, humpandisha cheo. Humpa kiti. Ni kiti cheupe cha plastiki, chenye jina lake mgongoni kwa rangi nyekundu, na tangu siku hiyo anaitwa mzee wa klabu hata kama kichwani hana mvi moja. Anaruhusiwa kuingia chumba cha wachezaji wakati wa mapumziko na kusema neno.

Hapo ndipo shida ya Ephraimu Kaanaeli ilipoanzia.

Siku alipokabidhiwa timu alikuta viti kumi na kimoja, timu kamili. Vinne vilikuwa vya wachezaji wa zamani, wale waliochukua ubingwa wa nchi nzima enzi watu wanasikiliza mpira kwenye redio za mbao. Saba vilivyobaki vilikuwa vya makocha waliomtangulia. Na kila mwenye kiti alikuwa na neno lake.

Filimbi ya mapumziko ikilia, wachezaji waliingia wakaketi sakafuni, maana viti vina wenyewe. Kisha wakaingia wazee. Mbele yao alitangulia mwenyekiti, Mzee Lemomo, Mwarusha wa Oldonyo Sambu, mfungaji wa lile goli ambalo hata wajukuu wa waliolishuhudia wanalisimulia. Mkononi alishika fimbo yake nyeusi. Sala ikasomwa. Shikamoo zikatolewa, marahaba zikarudishwa. Wazee wakajitambulisha mmoja mmoja, ingawa walijitambulisha pia wiki iliyopita kwa watu wale wale. Ndipo fimbo ikaanza safari.

Desturi hiyo Mzee Lemomo aliitoa kwenye vikao vya kwao. Mwenye fimbo ndiye msemaji, na hakatizwi mpaka aitoe kwa mkono wake mwenyewe. Ni desturi nzuri kabisa kwa watu wanaojadili malisho na wana siku nzima ya kujadili. Kilele waliitumia kwenye mapumziko ya robo saa. Fimbo ilishuka kwa ukubwa, kutoka kwa mzee kwenda kwa mzee, na kocha, kwa kuwa ni mwajiriwa, alikuwa wa mwisho. Msimu mzima haikuwahi kumfikia. Mara moja tu ilimkaribia, hata akaigusa kwa ncha za vidole, mwamuzi akapuliza filimbi.

Basi Kilele, bingwa wa nchi wa zamani, wakawa wanaburuza mkia kwenye ligi ya mkoa, na Ephraimu akawa na jibu moja kwa kila aliyemuuliza.

"Wangeniachia dakika kumi tu," alimwambia mkewe Hanna, jikoni kwao Akheri, migomba ikigongana nje kwa upepo. "Dakika kumi, Mama Catherine. Ungeona timu."

Hanna alikuwa akimenya ndizi za mtori. "Ukiachiwa utawaambia nini?"

"Mambo ya kiufundi."

"Kama yapi, Baba Catherine?"

"Ukianza kumweleza ufundi mtu asiye wa ufundi, unapoteza muda tu."

Hanna alitupa ganda kwenye ndoo ya ng'ombe, akachukua ndizi nyingine. Ephraimu alimwona anatabasamu, akachukia. Maneno hayo hayo alikuwa ameshayasema buchani, ameyasema usharikani Jumapili baada ya mnada wa mavuno huku amekumbatia jogoo aliyemnunua, na ameyasema redioni. Mlima Meru mzima ulijua kwamba kocha wa Kilele ana jambo zito kifuani, ila wazee wamemkalia.

Ikabaki mechi moja. Kilele wakitoa sare, wanapona. Wakifungwa, wanashuka ligi ya wilaya, kwenye viwanja ambavyo ng'ombe wana njia yao katikati na mpira husimama kuwapisha. Na yeye Ephraimu atapewa kiti. Hilo halikuwa siri. Fundi rangi alishaonekana ofisini na kopo lake, akiuliza jina Kaanaeli litaenea mgongoni au walikunje mara mbili.

Ephraimu hakutaka kiti. Aliwaona wenye viti. Alimwona Parsimei, kocha aliyemtangulia, mtu aliyekuwa na akili zake timamu, jinsi alivyobadilika siku ya kwanza aliposhikishwa fimbo akaongea mpaka mwamuzi alipokuja kuwagongea mlango. Kiti ni kaburi lenye mikono ya kuegemea, na Ephraimu alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja tu.

Wapinzani wa siku hiyo ya mwisho walikuwa Bonde Stars wa Nduruma, vijana wa vitunguu na nyanya, wanaofundishwa na mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Naisula. Ephraimu alikwenda kuwapeleleza mara mbili. Aligundua kitu kimoja: Bonde Stars hufunga kipindi cha pili. Wakati wa mapumziko Naisula huchuchumaa katikati ya vijana wake, huchora kidogo mavumbini kwa kijiti, husema maneno mawili matatu, na vijana hurudi uwanjani wakijua wanakokwenda. Ephraimu alirudi nyumbani na wivu uliomkaa tumboni kama maharage mabichi. Yule dada alikuwa akiziishi dakika kumi alizozililia Ephraimu.

Usiku ule ule wazo likamjia. Asubuhi akapanda Oldonyo Sambu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Habari za migombani?"

"Nzuri, mzee. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo. Kaa. Umekuja kwa wema?"

"Kwa wema mtupu." Ephraimu akakaa, akanywa chai ya maziwa aliyokaribishwa. "Mzee, kuna jambo linanikosesha usingizi. Mgeni anakuja Kilele, anacheza, anaondoka. Hivi klabu kubwa kama yetu, mgeni hajawahi kusalimiwa na wazee?"

Mzee Lemomo akatua kikombe. "Hatujawahi kuwasalimia?"

"Hatujawahi, mzee."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote. Nikawaza, pengine ndiyo maana baraka zimetukimbia."

Mzee aliumia, ikaonekana usoni. Alikuwa mtu mwema, na huo ndio ulikuwa ugumu wa kupambana naye. "Tufanyeje?"

"Jumamosi, wakati wa mapumziko, wazee wote waende chumba cha wageni. Wasali nao, wajitambulishe, wawape neno. Na loshoro kidogo, mgeni asiondoke na njaa."

"Na vijana wetu? Tutawaachaje bila neno?"

Ephraimu akainamisha kichwa. "Sisi ni watoto wa nyumbani, mzee. Tutavumilia."

Jumamosi ilikuwa na baridi. Meru ulijifunika wingu mpaka mabegani, kana kwamba nao hautaki kuona. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha kukimbizana tu. Bonde Stars walikosa, Kilele wakaokoa, Kilele wakabutua, Bonde wakarudi. Ephraimu alikuwa kando ya mstari, mikono mfukoni, lakini macho yake yalikuwa kwenye saa. Mpira hakuutazama sana. Alikuwa akiwaza mapumziko, kama alivyowaza kila kipindi cha kwanza msimu mzima.

Filimbi ikalia, hakuna mbabe. Kisha mashabiki wakaona ambalo hawajawahi kuliona: wazee wa Kilele wanakatiza uwanja kwa mstari, kila mmoja amejitwisha kiti chake, Mzee Lemomo mbele na fimbo, akina mama wawili nyuma na ndoo ya loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando. Naisula alikuwa mlangoni pa chumba cha wageni, kijiti mkononi.

"Shikamooni, wazee," alisema, maana angesema nini kingine?

"Marahaba, mwanangu. Kaeni, kaeni wote. Tutaanza na sala."

Kijiti kikashuka taratibu. Ephraimu aliuona mlango ule ukifungwa, akaingia chumba chake akaufunga na wa kwake.

Chumba kilikuwa kikubwa kuliko alivyokuwa akikifikiria. Wachezaji walikaa sakafuni kwa mazoea, ingawa leo kulikuwa na nafasi hata ya kucheza ngoma. Beki wa kulia, Lengai, alikuwa ameshajilaza na kujifunika jezi usoni. Yeye husinzia kila mapumziko, na wenzake humwamsha fimbo ikifika kwa mzee wa sita.

"Mwalimu, leo uko mwenyewe," alisema nahodha, Koikai. "Sema."

Ephraimu akasimama katikati. Akavuta pumzi.

"Vijana."

"Naam, mwalimu."

"Tuongeze bidii."

Wakaitikia kwa vichwa. Wakasubiri. Ephraimu naye akasubiri, akitazamia yale mengine yaje, yale mazito aliyoyabeba msimu mzima.

"Mabeki, mkabe," akasema.

Lengai akafunua jezi. Alikuwa na hamu ya kweli, maskini, hakuwa na kejeli hata chembe. "Nimkabe nani, mwalimu? Maana wanabadilishana. Yule mrefu anakuja ndani, yule mfupi anatoka nje. Nimfuate yupi?"

Mrefu yupi? Mfupi yupi? Ephraimu alijaribu kuwakumbuka, akaikumbuka saa yake.

"Mkabe wote," alisema. "Na mbele, mfunge."

"Tupitie wapi?" aliuliza Koikai.

Ephraimu aliutazama ukuta. Ng'ambo ya uwanja ilisikika "amina" ya watu wengi. Jasho lilimtoka katika baridi ile, na aibu ikamkaba barabara. Hakuwa na kitu. Alitafuta kila mahali ndani yake, kama mtu anayetafuta ufunguo huku anajua kabisa kwamba ameuacha nyumbani, na hakuwa na kitu. Wazee hawakuwa wamemkalia. Walikuwa wamemsitiri.

"Tuanze na sala," akasema.

Akasali. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, viongozi, wajane, mvua za vuli na kahawa iliyo mtini. Hajawahi kusali vizuri namna ile. Aliposema amina, filimbi ya mwamuzi ikalia nje, na alifurahi kuisikia. Furaha ile ndiyo iliyomuumiza zaidi.

Sasa sikia yaliyotokea chumba cha pili. Mzee Lemomo alishika fimbo akasimulia kisa chake, kile cha Dar es Salaam, jinsi Kilele walivyokwenda mapumziko nyuma kwa mabao mawili huku uwanja mzima ukiwazomea washamba wa mlimani, jinsi mmoja wao alivyokuwa na kiatu kilichofungwa kwa kamba ya katani, na jinsi walivyotoka wakaurudisha mpira kwa wenyewe, wavuni, mara tatu. Vijana wa Kilele walikisikia kisa hicho kila wiki, wakakigeuza mto wa kulalia. Lakini watoto wa Nduruma walikuwa wamekulia kwenye jina la Kilele midomoni mwa baba zao. Leo kinywa chenyewe kilichokuwepo siku ile kiliwasemesha wao, kikawaita wanangu. Golikipa wao alilia. Wakala loshoro, wakatoka wamewaka.

Walifunga goli la kwanza kabla mashabiki hawajarudi vizuri kwenye nafasi zao. Mzee Lemomo aliruka kutoka kitini, mikono juu, akashangilia, ndipo akakumbuka yeye ni wa nani. La pili alifunga yule mfupi. Au labda yule mrefu. Lengai aliwakaba wote wawili kama alivyoagizwa, hivyo hakumkaba yeyote.

Mwisho wa mchezo Naisula alikuja kumpa mkono. "Asante kwa ukarimu, mwalimu. Nilitaka kubadilisha winga, lakini fimbo haikunifikia."

"Haifiki," alisema Ephraimu.

"Lakini kile kisa cha mzee! Nyie mnakisikia kila wiki?"

"Kila wiki."

"Mna bahati sana," alisema Naisula, na alimaanisha.

Mkutano wa klabu ulifanyika Kijenge. Walianza na sala. Wakajitambulisha. Wakalaumu mwamuzi, wakalaumu nyasi, wakalaumu vijana wa siku hizi na simu zao. Hakuna aliyewalaumu wazee, na hakuna aliyeilaumu loshoro. Jua likiwa linaelekea Monduli, fimbo ikamfikia Ephraimu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani.

Angeweza kujitetea. Watu walikuwa wamejiandaa kumsikia akijitetea, na wengine wangemwamini. Lakini alikumbuka tabasamu la Hanna, na ganda la ndizi likitua ndooni.

"Nilipewa dakika kumi," alisema. "Sikuwa na la kusema."

Akairudisha fimbo. Tangu klabu iundwe hakuna aliyewahi kutoa hotuba fupi kuliko sala.

"Umemaliza?" aliuliza Mzee Lemomo.

"Nimemaliza, mzee."

Parsimei akainua kidole. "Mwenyekiti, hakusalimia. Hotuba isiyo na salamu haiwezi kuingia kwenye kumbukumbu."

Wakashauriana. Wakaona ni kweli. Ephraimu akarudishiwa fimbo aanze upya, na akaanza upya: mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa wazee, wachungaji mliopo, wanachama, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa. Alipofika hapo makofi yakapigwa, watu wakaona hotuba imetimia, na kiti kikaletwa kutoka nyuma ya pazia. Rangi ilikuwa haijakauka.

Alipofika nyumbani, Hanna alimzunguka akamtazama koti. Jina KAANAELI lilikuwa limejichapa mgongoni, nyekundu, herufi zimegeuka nyuma mbele. Hanna alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona mumewe hacheki, akainuka akamvua koti taratibu.

"Nani atawafundisha sasa?"

"Wamemchukua yule mwalimu wa Nduruma."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa nakaa."

Na kweli alikaa. Wiki za maandalizi ya ligi ya wilaya alikaa kando ya uwanja kwenye plastiki yake, na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine yoyote duniani, alianza kutazama mpira. Ndipo jambo la ajabu likatokea: akaanza kuuona. Aliona nani anachoka mapema. Aliona Lengai anageukia upande mbaya. Alitamani kulia kwa hasira, kwa sababu vyote hivyo vilikuwepo msimu uliopita, mbele ya macho yake, huku yeye akitazama saa.

Siku ya mechi ya kwanza walicheza nyumbani. Kipindi cha kwanza Kilele wakabanwa, na Ephraimu akaona kwa nini. Beki wa kushoto wa wapinzani alikuwa akipanda mbele na kusahau kurudi. Nyuma yake kulikuwa na uwanda wa kulisha ng'ombe. Filimbi ilipolia, alibeba kiti chake akaingia na wenzake chumbani. Safari hii alikuwa nalo la kusema.

Naisula alikuwa amesimama ukutani, chaki mkononi. Sala ikasomwa. Shikamoo, marahaba. Wazee kumi na wawili wakajitambulisha, na Lengai akajifunika jezi usoni.

"Kwa desturi," alisema Mzee Lemomo, "mzee mpya ndiye hufungua siku yake ya kwanza, ili atoe shukrani." Akanyoosha fimbo.

Ephraimu akaishika. Chumba kizima kilikuwa chake, na hakuna wa kumkatiza mpaka achoke. Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, zuri, la kiufundi kabisa, na Mungu anajua alivyolitamani. Angelisema, wangelisikia, kisha ingefuata shukrani kidogo, na historia fupi, na kisa kimoja tu. Alimtazama Parsimei. Akaitazama chaki mkononi mwa Naisula, ilivyokuwa inavunjika taratibu kati ya vidole vyake.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

Akaruka miguu ya wachezaji, akavuka chumba, akaiweka fimbo mkononi mwa Naisula.

Chumbani humo fimbo ile haijawahi kushikwa na kocha, sembuse mwanamke. Parsimei akanyanyuka nusu. "Mwenyekiti, lakini itifaki..."

Mzee Lemomo aliitazama fimbo yake kwa muda mrefu. Ilimuuma, kila mtu aliona. Lakini desturi ni desturi, na hii ilikuwa ya kwake mwenyewe.

"Kaa chini," alisema. "Fimbo ina mtu."

Parsimei akakaa. Naisula akaigeuza ile fimbo nyeusi mkononi, akaona ni ndefu kuliko chaki, akaielekeza ukutani mahali alipokuwa amechora.

"Beki wao wa kushoto anapanda, harudi," alisema. "Nyuma yake pako wazi. Lengai, wewe ndiye utapita hapo."

Ephraimu alirudi kwenye kiti chake, macho yakimwasha. Sakafuni, Lengai akaondoa jezi usoni, akaketi.